Ukuta Uliokuwa Ukinisubiri Kabondo

Niliondoka Bengamisa kwa sababu ya ukuta. Ninyi wa parokia yetu mliniuliza mjane aliye bado kwenye matanga anatafuta nini mjini, nami sikuwajibu. Sasa nawaandikia.

Marehemu mume wangu, Amisi, alikuwa mwashi. Kazi yake iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa Kisangani, kwenye shule moja ya Kabondo: ile pembetatu ya matofali inayopanda juu ya ukuta hadi chini ya paa. Mafundi huiita pinyo. Alipanga humo matofali meusi katikati ya mekundu, ikatokea nyota. Baada ya tetemeko la ardhi la upande wa Kivu, ambalo hata sisi tulilisikia kidogo, wazazi walimwita mhandisi aikague shule. Akasema nyota ishushwe. Mkuu wa shule, ambaye wote humwita direkta, akanipigia simu.

"Mama, hatuwezi kugusa kazi ya papa Amisi na wewe haujatoka matanga. Tunakungoja."

Nilimshukuru. Kisha nikafunga safari ili nimwombe wasiiguse kamwe.

Alfajiri nilipanda pikipiki. Ukungu ulikuwa umelala juu ya barabara kama maziwa yaliyomwagika, na miti ya pande zote mbili haikuwa na mizizi, ilielea tu. Mashimo yalitutikisa.

"Shika nguvu, mama," dereva alisema. "Hapa barabara iko inacheza ndombolo!"

Nilicheka kidogo, mara ya kwanza baada ya mazishi. Njia nzima nilihisi mtu wa tatu ameketi nyuma yangu, goti lake likigusa mgongo wangu kwenye kila kona. Sikugeuka. Ningegeuka, asingekuwapo.

Kwenye daraja la Mto Tshopo jua lilikuwa limeshatoka. Mlio wa maporomoko ulijaza kifua changu hata nikasahau nilichokuwa nakwenda kusema. Mjini nilishuka, nikakodi toleka, baiskeli ya abiria, na mnyororo wake ukawa unaimba wimbo mmoja mpaka Kabondo.

Shuleni direkta alinipokea kwa mikono miwili, mke wake akaniletea lituma, ndizi za kupondwa, ya moto na samaki. Nilikula nikiitazama nyota. Ilikuwa pale juu, imenyooka, kana kwamba Amisi ameondoka tu kwenda kunawa udongo mikononi. Halafu nikawaona watoto. Walikuwa wakisoma uani, chini ya turubai lililofungwa kwenye nguzo nne.

"Hawa mbona wako nje?"

"Ni darasa la kwanza, mama. Chumba chao ni kile chini ya nyota. Tumekifunga."

"Tangu lini?"

Direkta alitazama viatu vyake. "Tunakungoja," akasema tena.

Mchana alikuja mhandisi, binti wa Bukavu, huko Kivu, anayeitwa Sifa, umri wa kitinda mimba wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alipiga goti kunisalimu.

"Papa alijenga muzuri, mama. Hakuna tofali moja mbaya. Lakini kuja uguse."

Nilijifunga kitenge changu cheusi vizuri, nikapanda ngazi. Alinieleza kwamba huku kwetu mafundi wote huinua paa kwanza, kisha huziba pembetatu kwa matofali. Kwa hiyo hakuna kinachoyashika, si paa wala ukuta ulio chini. Yanasimama kwa uzito wao tu. Niliweka kiganja juu ya nyota. Sifa akasukuma kule juu kwa mkono mmoja, taratibu.

Ilisogea. Ilisogea kama jino la mtoto.

"Ardhi ikitikisika, yote hii itaanguka, ndani ama inje, haichague," alisema. "Tutaweka mbao pale, ni nyepesi. Halafu mukanda wa beto, simiti na mawe, uzunguke kuta zote, na paa tuifunge na vyuma."

"Ardhi ya Kisangani haitikisiki."

"Kwetu pia kuna wazee walikuwa wanasema vile, mama."

Nilishuka ngazi. Mnasema mimi ni mtu wa kweli, basi niwaambie kweli: hata baada ya kuisikia ikisogea chini ya kiganja changu, bado nilitaka ibaki.

Alasiri wazazi walikutana barazani. Mzee mmoja, fundi wa baiskeli, alisimama wa kwanza.

"Mama akisema ibaki, inabaki! Injenieri, unataka kubomolea mutu jina, na kaburi lake haijakauka?"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja muuza kwanga, mikate ya muhogo, akamgeukia. "Tonton, mutoto wako iko anasoma pale?"

"Wangu walimaliza zamani."

"Alors, funga kinywa!"

Wakacheka, kisha wote wakanitazama mimi. Nilisimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: ibaki. Hapo ndipo upepo ulipokuja kutoka mtoni na mvua nyuma yake. Turubai lilinyanyuka, likapiga kama bawa, na watoto wakakimbilia mahali walipopajua. Kamba iliyofunga mlango wa chumba chao ikakatika. Waliingia wote, wakajibanza ukutani upande usiovuja, chini kabisa ya nyota, wakicheka, vichwa vimelowa. Mwalimu wao alikuwa akiita, lakini mvua ilikula sauti yake. Kila kitu kilikwenda polepole, kama tuko chini ya maji. Niliwatazama, nikaelewa kwamba wanangoja mimi nimalize kulia.

Niliingia kwenye mvua, nikavuka ua.

"Tokeni, wanangu. Twendeni ofisini kwa direkta, mbio!"

Niliporudi barazani nguo zangu zilikuwa zimenigandama. "Shusheni," nikasema. "Kesho asubuhi. Matanga ni yangu, msiyangoje."

Fundi wa baiskeli alivua kofia. "Bon, mama," akasema polepole. "Nitaleta ngazi yangu."

Asubuhi waliyashusha matofali kwa mikono, tofali baada ya tofali, kuanzia kileleni. Nyota ilipotea pembe moja moja, na mahali pake pakaja anga jeupe lililooshwa. Nililia mbele ya watu. Watu husema mtu akifanya lililo sawa moyo huwa mwepesi. Wangu haukuwa mwepesi.

Nimerudi Bengamisa kwa njia ileile, na haya ndiyo niliyojifunza: heshima kwa mfiwa ni kitu kizuri, lakini mzigo wake wasibebeshwe watoto. Ninyi nyote mnajua nani alijenga pinyo ya kanisa letu. Ni mkono uleule, kwa namna ileile, na watoto wa kwaya huketi chini yake kila Jumapili. Nimeshamwambia padri ishushwe. Mtakapokwenda na ngazi, msipite kwangu kuniuliza.