Madoa ya Otsuki Chizuru

Otsuki Chizuru hupima chuma kwa picha. Kazi yake, katika maabara ya chuo kimoja mjini Nagaoka, ni kupaka kipande cha chuma rangi nyeupe, kukipulizia madoa meusi yasiyo na mpangilio, kisha kukipiga picha mfululizo kinapovutwa. Kompyuta huyafuata madoa hayo na kuonyesha chuma kinanyumbuka wapi, hata pale ambapo jicho halioni kitu.

Alikuwa mtafiti wa mkataba. Mkataba ulikuwa unaisha Machi, na tegemeo lake la kubaki lilikuwa jaribio moja: kipande cha daraja la zamani kivutwe hadi kikatike, mbele ya wahandisi wa mkoa. Hakikuwapo kingine cha kurudia.

Kwa ajili ya wageni, Chizuru alitaka kazi safi. Badala ya kupuliza, aligonga madoa kwa muhuri wa mpira, safu kwa safu, yote sawa. Tsuda, mwenzake wa meza ya jirani, alisimama akitazama.

"Hiki ni chuma au kitambaa cha meza cha mama yako?"

"Afadhali cha mama. Chako kingekuwa na mchuzi."

Asubuhi ya jaribio, wahandisi wakiwa wameshavaa kofia ngumu, alifanya ukaguzi wa kawaida. Alisogeza kipande kizima kidogo kulia kwa skrubu, akapiga picha. Kompyuta ikasema nusu imekwenda kulia, nusu kushoto. Kila doa lilifanana na jirani yake, na kompyuta ilikuwa inashika lisilo lenyewe.

Tsuda aliiona skrini. Akanong'ona, "Wageni hawajui kusoma hii. Vuta tu, tutasafisha hesabu baadaye."

"Kikishakatika, Tsuda-san, tutasafisha nini?"

Akaenda kwa Profesa Ninomiya, akainama sana. "Mwalimu, naomba radhi. Nimeharibu madoa. Siwezi kupima hivi."

Shingo ya profesa ikawa nyekundu. "Wewe, katika watu wote?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilitaka yapendeze."

Profesa akawageukia wahandisi, akainama chini kuliko Chizuru. Wakaondoka kwenda kula tambi za soba, wamenuna. Chizuru akakwangua rangi, akapaka upya, akaikausha kwa feni ya joto maana nje theluji ilikuwa inaanguka. Madoa aliyarusha kwa mswaki, ameangalia pembeni, mkono wake usije ukayapanga tena.

Alasiri chuma kilivutwa. Kwenye skrini rangi nyekundu, alama ya kunyumbuka, ilijikusanya kando ya tundu la msumari wa ribiti muda mrefu kabla ya mlio wowote. Mhandisi mmoja akaweka kidole hapo. Chuma kilikatikia hapo hapo.

Profesa alingoja wageni waondoke. "Otsuki-san, Aprili tunaletewa vipande vya handaki. Nimeshawaandikia ofisini wakuongezee mkataba."

"Umewaandikia saa ngapi, Mwalimu?"

"Wageni walipokuwa wanakula."