Bei Iliyotangulia Mpira

Mchana huo, nyumbani kwetu Suna, mimi na mke wangu tulikuwa tukitazama kriketi kwenye televisheni. Katika soko la kamari kwenye simu, ambako watu huuziana dau kwa bei inayopanda na kushuka kufuata mchezo, nilikuwa nimenunua ushindi wa timu iliyokuwa ikipiga, nikingoja bei ipande niuze. Ghafla bei ikaporomoka.

"Mpigaji wako ametolewa?" mke wangu akauliza, akichungulia simu yangu.

"Bado! Hata mpira haujarushwa."

Mrushaji akaja mbio, akarusha, vijiti vya nyuma ya mpigaji vikaanguka: ametolewa. Picha ya televisheni yetu ilikuwa imechelewa kwa sekunde kadhaa, na wenzangu sokoni, wenye matangazo ya haraka zaidi, walikuwa wameshaona kila kitu.

"Kumbe siku zote unashindana na watu waliokwisha kuona?" akasema, macho yamemtoka.

Nilifunga akaunti yangu ya kamari palepale.