Barua Aliyoipeleka Baba

Naikumbuka asubuhi moja ya mtaani Ziwani, mwanangu, ambayo Mungu alinisamehe zamani lakini mimi mwenyewe bado sijamaliza kuijutia. Imenirudia wiki hii hapa Komarock, mjukuu wangu aliponionyesha kwenye simu barua yake ya kuomba kazi. Ilikuwa safi, haina kosa hata moja, na haikuwa yake.

"Umeitoa wapi?" nikamuuliza.

"Kwa grupu, Shosh. Kila mtu anatumia hiyo. Unabadilisha tu jina."

Nasi Ziwani tulikuwa na barua yetu. Jirani mmoja aliiandika akapata kazi, na tangu hapo ikawa inaazimwa nyumba kwa nyumba kama pasi ya makaa. Ilisema mwombaji amefiwa na baba, anasihi kwa unyenyekevu, na yuko tayari kufanya kazi yoyote. Yule jirani alikuwa amefiwa kweli.

Mimi sikuwa nimefiwa. Baba yangu alikuwa mlinzi wa lango kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda hicho hicho ndicho nilichokiandikia. Nilipofika kwenye maneno "marehemu baba yangu", kalamu ilisimama. Kisha nikayaandika. Nilijiambia kwamba jina letu ni la watu wengi, kwamba barua itapita posta, kwamba huruma haimdhuru mtu.

Asubuhi Baba aliikuta bahasha mezani, nimeshaifunga.

"Stempu ya nini, mama?" Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Nitampa karani wa ajira mkononi. Miaka yote hii namfungulia lango, atanikataa?"

Ningesema tu, "Baba, ngoja niirudie." Niliona aibu, nikamwacha aichukue. Akaifuta bahasha kwa leso, akaitia mfukoni mwa koti lake la kazi taratibu, kama mtu anayebeba sadaka.

Jioni alirudi nayo. Akaiweka mezani, akavua kofia.

"Karani amenipa pole," alisema. "Anasema hajawahi kufunguliwa lango na marehemu."

Mama alicheka, akidhani ni masihara. Baba hakucheka. Aliniuliza swali moja tu. "Na vyerehani? Mbona hukuandika kwamba unavitengeneza?"

Nilivitengeneza kweli. Jumamosi nyingi niliketi na fundi mmoja wa kanisani kwetu, na kina mama wa mtaa cherehani kikikwama walituma niitwe mimi. Kiwandani walikuwa wanatafuta mtu wa kushika mashine zao, na Baba alijua. Alitaka karani asome habari zangu, akasoma za mtu mwingine.

Nafasi ile haikurudi. Baba alinisamehe Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, lakini tangu siku hiyo aliniita Nafula. Lile la "mama" sikulisikia tena. Miaka mingi baadaye alipofariki, familia ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa mazishini. Nikafika kwenye "marehemu baba yangu", na kalamu ikasimama tena. Nilikuwa nimeshayaandika, akiwa hai.

Mjukuu wangu alisikiliza yote haya, kisha akasema polepole, "Lakini Shosh, mimi niandike nini? Nimeshika tu duka ya chakula ya kuku huko Njiru."

"Basi anza hapo," nikamwambia.

Na wewe, mwanangu, anza hapo. Andika barua yako mwenyewe, hata ikiwa fupi. Anayeisoma ana rundo la nyingine mbele yake, kwa hiyo mwambie mapema unaomba kazi gani, umewahi kufanya nini kinachofaa pale kwake, na kwa nini umemwandikia yeye. Usiseme "kazi yoyote"; atashindwa kujua akuweke wapi. Usinunue huruma kwa uongo. Kabla ya kuituma, msomee mtu wa nyumbani kwako kwa sauti, na sentensi itakayokufanya usite mbele yake, iondoe.

Mungu abariki kazi ya mikono yako. Akupe msomaji mwenye haki, na wewe akupe moyo wa kungoja jibu. Na waliokulea, wakiwa bado wanapumua, wakutwe hai katika kila neno utakaloandika.