Viriba vya Bi Ghaliya

Ukipita Ngamiani pua yako ikanasa iliki, ifuate. Itakufikisha kwa Bi Ghaliya. Kwao ni wapishi wa halua tangu enzi za babu yake, na mikono yake inaujua wanga: lini unashika, lini unaachia sufuria. Basi mifuko ya plastiki ya sokoni ilipokatazwa, akajiuliza: wanga wa muhogo unavutika namna hii, kwa nini usiwe mfuko?

Akausonga na mwani, akatia nyuzi za mkonge zilizokatwakatwa ili uwe na nguvu, akaupaka nta ya nyuki usilowe upesi. Ukifukiwa, unaoza. Shoga yake Mwamvua, anayeotesha miche ya mikorosho kule Ushongo, akakubali kuujaribu kwa viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche.

"Lakini miche ikinimwagikia kabla ya kupanda, shoga, narudi kwenye plastiki yangu. Mvua hainingoji."

Haikupita wiki, simu ikalia.

"Ghaliya! Umetia nini humu?"

"Vimepasuka?"

"Vimeliwa! Mbuzi wameiacha miche imelala chini kama walevi, viriba wamemaliza mpaka vitako!"

Bi Ghaliya akashika kichwa. Mkono wake, jamani, una mazoea yake: wanga ukianza kung'aa tu, unatia sukari, samli na iliki bila kumuuliza mwenyewe.

"Nimewapikia halua," akasema.

"Na mimi hata kipande hukunipa!"

Wakacheka hadi machozi. Kisha Mwamvua akasema, "Leta vingine. Lakini ndiyo mwisho, Ghaliya."

Safari hii alimkabidhi jirani yake Mastura kopo la iliki, la sukari na la samli. "Hata nikikulilia, usinipe." Ili kiriba kisikakamae akatia gliserini ya dukani, na maji ya kusongea akayachemsha na majani ya mwarobaini. Mastura alipoonja kidogo, alitema mate mpaka magharibi.

Mvua ikanyesha. Bi Ghaliya akawa anakaa na simu mapajani, hata sufuria ikaungua. Mwishowe simu ikalia.

"Mbuzi wamekuja," Mwamvua akasema.

"Wee!"

"Wakanusa, wakapiga chafya, wakaondoka. Miche yote nimeipanda na viriba vyake, hata kimoja hakikuchanika. Ila mbuzi wangu wanakusema vibaya."

"Waambie harusi imekwisha, halua hakuna tena," akajibu Bi Ghaliya, na tayari alishainuka kwenda kwa Mastura kudai kopo lake la iliki.