Picha Zisizo na Mtu

Miaka ile, ukifika Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, ukauliza Pantaleo mpiga picha anakaa wapi, mtu alicheka kwanza. "Yule wa magofu?" Kisha ndipo akuonyeshe mlango.

Pantaleo alitoka Masasi akiwa kijana mwembamba, akapiga deki studio ya Mgoa mmoja mpaka akafundishwa kusafisha filamu. Mgoa alipofunga biashara akaondoka, kamera ikabaki kwake. Mchana alipiga picha za pasipoti, za maharusi, za wanachama wapya wa chama. Hizo ndizo zilizomlisha yeye na mkewe, Severa. Ila alfajiri, kabla soko halijachangamka, alikuwa na mizunguko yake. Alipiga kuta zilizobanduka chokaa, mapaa ya madebe yaliyoliwa na kutu, milango ya nakshi iliyolegea bawaba. Mvua ikijaza bonde la Jangwani, alikwenda kupiga nyumba zilizopiga magoti majini. Akisikia jengo la zamani litavunjwa ili pajengwe ghorofa, chakula hakikumpita kooni mpaka amelipiga.

Nyingine alizitundika dukani. Watu walizitazama kama wanaotafuta kitu kilichoanguka.

"Sasa Pantaleo, mbona hamna mtu humu?" Huyo Hamud, mwenye duka la nguo ng'ambo ya mtaa.

"Ni nyumba, Hamud. Si nyumba ya marehemu baba yako hii?"

"Naiona. Lakini mtu yuko wapi? Ungeniita nikae hata barazani, picha ikapata uhai! Sukari yenyewe ya foleni, filamu hazipatikani, na wewe unapiga ukuta!"

Haukupita muda Hamud akaivunja ile nyumba, apandishe ghorofa. Saruji ikaadimika, vyuma vikabaki vinachungulia mbinguni.

Pantaleo aliwahi kuzipeleka picha zake kwenye maonyesho. Mkubwa mmoja akazirudisha kwa vidole viwili. "Ndugu, wenzio wanajenga taifa, wewe unatuletea magofu? Lete trekta." Pantaleo akazibeba nyumbani, akaziweka pamoja na filamu zake. Kisha mchwa wakazila zile za karatasi. Zikabaki filamu, zimechanganyika na za wateja, kwenye debe la biskuti, juu ya kabati.

Mwanzoni mwa mwaka themanini akaja Ndugu Hamdiya, mwanamke wa ofisi moja iliyokuwa ikikusanya kumbukumbu za mji. Alikaa dirishani asubuhi nzima, anainua filamu moja moja kwenye mwanga. Hakuuliza mtu yuko wapi.

"Ndugu Pantaleo, nusu ya nyumba hizi hazipo tena."

"Nusu, mama? Zaidi."

"Jumatatu nakuja na gari. Nipe filamu zote, tuzisafishe picha kubwa kubwa, tuzitundike ukumbini. Na jina lako chini."

Jina lake chini. Siku hiyo Pantaleo alikula wali akasahau kuuliza mboga, akasahau hata kumwambia Severa habari ya gari.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo jua lingepatwa. Redio ilishasema wiki nzima, watu wasilitazame kwa macho matupu. Pantaleo alikuwa na filamu moja imebaki, naye aliwaza mwanga tu, jinsi utakavyokuwa. Kulikuwa na jengo bovu Kigamboni, lina mwarobaini mbele. Akapanda pantoni Magogoni, akavuka.

Huku nyuma majirani wakajaa mlangoni.

"Shikamoo mama. Tunaomba filamu za kutazamia jua. Wanasema ile nyeusi ndiyo dawa ya macho."

Severa alikuwa na moyo wa kutoa, na alikuwa anajua kazi. Mumewe mwenyewe ndiye aliyemfundisha kwamba filamu ya sura ya mtu ni amana, haitupwi. Mtu akifa, wenziwe watakuja kuiomba isafishwe kwa ajili ya arobaini. Kwa hiyo alichagua kwa uangalifu. Aliinua kila filamu mwangani. Yenye mtu, akairudisha mahali pake. Isiyo na mtu, akaikata kwa mkasi wa kushonea, vipande vitoshe mtaa mzima.

Kigamboni jua likapungua, ukuta ukawa rangi ya majivu, na mwanga uliopenya majani ya mwarobaini ukamwaga miezi michanga myeupe juu ya chokaa. Pantaleo alipiga mpaka filamu ikaisha. Alirudi akipiga mluzi.

Hamud alikuwa barazani. "Bwana Pantaleo! Leo umetufaa. Miaka yote hiyo, leo ndiyo picha zako zimefanya kazi!" Akamrudishia kipande. Pantaleo akakiinua. Nusu ya mlango wa nyumba ya baba yake Hamud, na alama ya dole gumba juu yake. Vingine vilikuwa mtaroni, vingine chini ya kandambili za watu.

Ndani, Severa akamwambia kwa furaha, "Hakuna aliyeumia jicho. Na za watu zote zipo, sikugusa hata moja."

Pantaleo alilitazama debe. "Zipo," akasema. Angemgombeza kwa lipi? Maneno yalikuwa yake mwenyewe.

Jumatatu gari lilikuja. Ndugu Hamdiya alizitazama picha za Kigamboni, akauliza yale madoa meupe ukutani ni ya nini, au dawa iliharibika? Akasema ukuta mmoja haujazi ukumbi. Gari likarudi tupu.

Baadaye Hamud akaja, kavaa kanzu ya Ijumaa, sauti imeshuka.

"Pantaleo ndugu yangu. Wanangu wananiuliza nyumba ya babu yao ilikuwaje. Nashindwa hata kuwaelezea ule mlango. Nisafishie ile picha."

"Ile isiyo na mtu?"

"Hiyohiyo."

"Si uliitazamia jua, Hamud."

Hamud akacheka, akidhani anataniwa. Akasubiri Pantaleo naye acheke. Hakucheka. Basi Hamud akashikashika kofia yake, akatazama huku na huku.

"Haya, nipige mimi basi. Wanione hata mimi."

Pantaleo akamsogezea kiti, akamnyoosha mabega, akamwambia asipepese macho. Akampiga. Filamu yake akaiweka kwenye debe, pamoja na za watu wengine.