Upande wa Pili wa Kanda ya Bibi

Sikuwa na homa, sikuwa nimefunga, na usiku wa kuamkia siku ile nililala vizuri. Nayasema haya mapema kwa sababu ndiyo maswali ninayoulizwa kila nikisimulia, na mimi mwenyewe nimejiuliza kuliko mtu yeyote. Mimi ni mtu wa maabara. Kazi yangu, katika kliniki moja ya mtaa wa Malaz, Riyadh, ni kupima damu, na nikiwa na shaka na sampuli naipima mara tatu. Hili siwezi kulipima tena. Lakini lilitokea, na wala halikutokea usiku. Lilitokea mchana, jua likiwa utosini.

Mjomba Salimu, kaka wa mama yangu, alikuwa anaondoka Saudia moja kwa moja baada ya miaka zaidi ya thelathini ya udereva. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, alikwisha kumaliza karatasi zote. Mjomba alitaka afanye umra, kisha apande ndege Jeddah kurudi Tanga. Mimi nilikuwa na leseni ya miezi minne na gari dogo la mkono wa pili, nikasema nitampeleka mwenyewe kutoka Riyadh. Hebu fikiria: mtu aliyetumia ujana wake wote kuwaendesha wanawake wa watu, kwa sababu walikatazwa kuendesha, leo amekaa kiti cha abiria na mpwa wake wa kike ameshika usukani.

"Mama, hili gari linakwenda au tumeegesha?" aliniuliza tulipokuwa bado hatujafika mbali.

"Mjomba, mwendo ulioandikwa ndio huu."

"Waliouandika walikuwa na haraka kuliko wewe. Tungewaomba lifti ngamia wa lile lori."

Aliniomba tusifuate barabara kuu. Alitaka tupitie Shaqra, mji wa zamani wa soko, ambako alifanya kazi mwaka wake wa kwanza akibeba mizigo katika duka la mzee aliyeitwa Abu Saad. Njiani akaniambia jambo ambalo hata mama yangu halijui.

Zamani zile watu wa kwetu waliokuwa Uarabuni hawakuandikiwa barua tu. Walirekodiwa kanda. Familia inakaa mkekani kuzunguka redio, kila mmoja anasema lake, kanda inapewa mtu anayesafiri. Ya Mjomba ilimfikia, na kwa kuwa hakuwa na redio yake, Abu Saad akamruhusu aisikilizie dukani. Upande wa kwanza ulikuwa salamu za ukoo mzima. Alipoigeuza tu, kabla bibi, mama yake, hajaanza kusema, ikaadhiniwa adhuhuri. Duka lazima lifungwe. Abu Saad akabonyeza redio ikanyamaza, akasema, baada ya sala. Mjomba alipotoka msikitini alikuta gari la kafili linamsubiri. Anahamishiwa Riyadh, yalla, sasa hivi.

Miezi kadhaa baadaye alipata ruhusa akarudi. Abu Saad alikuwa amefariki, duka lina kufuli, wanawe wamehamia mji mpya, wala hakuna aliyejua habari za kanda. Mwaka huohuo bibi naye akafa. Mjomba hakuwahi kujua mama yake alisema nini upande wa pili.

"Kwa hiyo tunaifuata kanda?" nilimuuliza.

"Tunafuata kizingiti," alisema. "Nataka nikae pale dakika tano, basi."

Tulifika kabla ya adhuhuri. Sehemu ya mji mkongwe ilikuwa imekarabatiwa kwa ajili ya watalii: kuta za udongo zimesiribwa upya, milango imechorwa nakshi, vijana wa Kisaudi wanapiga picha, na dada mmoja anauza kahawa, uso wazi, anacheka na wateja. Mjomba alisimama akaangalia yote yale kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. Kisha akasema miguu imekufa ganzi, ataanza na udhu msikitini. "Nenda mbele. Uchochoro wa kushoto, mlango wa nne. Mimi nakuja."

Mlango wa nne ulikuwa wazi.

Ndani palikuwa na kamba, karabai, magunia ya hiliki na harufu ya mafuta ya taa. Mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina alikaa juu ya boksi. Mimi nilifikiri nini? Nilifikiri ni maonyesho ya urithi, kwamba wanawe wamelifufua duka na kumweka mzee wa kuwafurahisha wageni. Ungefikiri tofauti?

Akaniangalia, akasema kwa Kiarabu, taratibu, "Wewe ni wa Salimu."

"Mtoto wa dada yake."

Hakushangaa. Akaunyoosha mkono nyuma yake akabonyeza redio. Nikasikia kwanza mtu anatwanga, mbali kidogo. Halafu sauti ya mwanamke, nzito, yenye kikohozi, kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa: "Haya, Kipara. Wengine nimewatoa nje. Hili nakwambia wewe peke yako."

Adhana ikaanza.

Mzee akabonyeza, sauti ikakatika. Akaitoa kanda, akaninyooshea. Namaanisha alinyoosha mkono wake na kanda ilikuwa karibu na vidole vyangu kama ilivyo karatasi hii. "Chukua," alisema. "Amana yake."

Nami nikaanza kufikiri. Ndiyo maradhi yangu. Nilifikiri si vizuri nipokee amana isiyo yangu wakati mwenyewe yuko hatua chache. Nikafikiri apokee kwa mkono wake, itakuwa picha nzuri. Nikakumbuka hadithi zake za zamani, mwanamke akikutwa dukani wakati wa sala na mwenye duka akapata taabu kwa askari wa dini. Siku hizi maduka hayafungwi tena kwa sala, nalijua hilo vizuri, nanunua maziwa adhuhuri kila siku. Lakini mbele ya mzee yule nililisahau. Na simu ilikuwa mkononi mwangu, wala sikuwaza kurekodi.

Nikasema, "Baada ya sala, ami. Nitakuja naye."

Aliishusha kanda polepole. Uso wake uliingia huzuni ambayo nikifumba macho naiona. "Baada ya sala," alirudia, kisha akavuta mlango.

Nilimngoja Mjomba nje ya msikiti. Alipotoka nikamweleza kwa fujo, na nilipofika kwenye neno Kipara akanishika mkono.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Yeye, bibi. Kwenye redio."

Hakuvaa viatu. Alikwenda juu ya mawe ya moto kama kijana. Mlango wa nne haukuwapo. Palikuwa na uwazi katika ukuta, boriti za mtende zimeanguka ndani, na njiwa. Dada wa kahawa alitufuata, akatuambia upande ule bado haujakarabatiwa, mafi duka, hakuna duka, tusiingie, ukuta utatuangukia.

Mjomba akakaa kwenye kizingiti. Hakunilaumu, na bora angenilaumu. Aliniambia Kipara ni jina alilopewa utotoni, aliponyolewa kwa sababu ya mapunye. Bibi peke yake ndiye aliyeendelea kulitumia, na tangu afe hakuna aliyelitamka.

"Sema tena alivyosema," aliniomba.

Nikasema. Tuliingia Jeddah usiku, tukalala kwa mwenzake wa Tanga mtaa wa Nuzha, na barabara yote ile nilikuwa nimeyasema maneno yaleyale kumi, labda mara ishirini. Hakunitania tena kuhusu mwendo.

Sasa yuko Tanga. Hupiga simu kila Ijumaa, na baada ya salamu husema, "Haya, niambie." Namwambia. Mwanzoni niliiga na kile kikohozi. Siku hizi sina hakika kama ninayoiiga ni sauti ya bibi au ya mama yangu, na nadhani naye amegundua, ila bado anauliza. Nimerudi Shaqra mara tatu, saa ileile. Ni njiwa tu.

Kwa hiyo nakwambia wewe unayesoma, hasa kama umeumbwa na kichwa kama changu: mtu akikunyooshea kilicho cha wenu, kipokee. Utafikiri ukiwa njiani, kiko mkononi.