Oom Bietjie na Komeo la Bunduki ya Alida

Gideon Terblanche alikuwa mtu wa urefu wa mlango, mwenye viganja vipana kama sepetu, na bado watu wote wa upande wetu wa nyika kavu ya Karoo walimwita Oom Bietjie, yaani Mjomba Kidogo. Wageni walidhani ni utani juu ya umbo lake. Sivyo. Jina hilo lilitoka kwenye meza yake ya kazi, bandani, alikokuwa akijaza upya maganda ya risasi za kuwindia.

Ganda la shaba likishafyatuliwa huvimba, na kabla ya kutiwa fataki, baruti na risasi mpya, ni lazima libanwe ndani ya kalibu ya chuma. Wengine huiteremsha kalibu hadi mwisho, wakamaliza. Gideon aliizungusha kiasi cha unywele, akabana ganda, akalitia ndani ya bunduki, akasukuma komeo, yaani kile chuma kinachofunga bunduki nyuma ya ganda, kwa vidole viwili huku amefumba macho ili asikie linavyofunga. Kisha akasema, "Bado. Bietjie." Akarudia. Jirani yake, Koot Visagie, aliyepata kusubiri maganda yake tangu kahawa ya asubuhi hadi nyama ya jioni, ndiye aliyelitangaza jina hilo kanisani baada ya ibada.

"Oom, kwa mwendo huu swala watakufa kwa uzee," Koot alimwambia.

"Na wewe utakufa kwa haraka. Kunywa kahawa."

Nyumbani mwa Gideon kulikuwa na bunduki mbili za ukoo mmoja: yake ya kipimo cha mia tatu na nane, na ya mkewe Alida, ya milimita saba. Ganda la Alida ni lile lile la mumewe, ila limepunguzwa shingo. Mtu mwingine angenunua kalibu ya mwili mzima, inayobana ganda lote pamoja na shingo, kwa kila bunduki. Gideon aliichukua ile ya mia tatu na nane, akaichomoa sindano yake ya ndani, akaitumia kwa maganda ya Alida, kwa kuwa shingo ya kalibu hiyo ni pana, haiwezi kuigusa shingo nyembamba ya ganda. "Kaka anambana mdogo kiunoni na mabegani," alizoea kusema. "Shingoni hamgusi." Shingo aliishughulikia baadaye, kwa kalibu yake ndogo. Kwa njia hiyo maganda ya Alida yalidumu miaka mingi, na kila majira ya baridi Alida alipiga swala wake wa nyama ya kukausha bila komeo kusita hata mara moja.

Mwezi wa Machi Gideon alipatwa na kiharusi. Usemi ulirudi, miguu ilirudi. Vidole vya mkono wa kulia vilibaki na ganzi.

Nilikuwa nimekaa bandani kwake, juu ya debe lililopinduliwa, siku aliyojaribu kuyaandaa maganda ya Alida kwa ajili ya msimu. Alibana la kwanza, akalitia ndani ya bunduki, akasukuma komeo. Likafunga. Akalifungua, akalifunga tena. Akajaribu kwa mkono wa kushoto. Mkono huo ulisikia, lakini haukujua ulichosikia.

"Alida," aliita. "Njoo unifungie komeo."

Alida akaja akijifuta unga mikononi, akafunga. "Limefunga."

"Naona limefunga. Limefungaje?"

"Vizuri."

"Vizuri kama mlango wa jikoni, au kama mlango wa friji?"

"Haya, sasa niwe fundi wa milango?" Alida alicheka, kisha akafikiri. "Wa friji, nadhani. Linavuta kidogo."

Gideon akageukia mashine iliyoshika kalibu, mgongo wake kwetu kwa muda, kisha akampa Alida ganda. "Na sasa?"

"Sasa afadhali. Jikoni."

"Na hili?"

"Jikoni kabisa. Laini."

Gideon akaiweka bunduki mezani taratibu. "Ni ganda lile lile, Alida. Mara zote tatu. Sikuigusa kalibu."

Alida akatazama sakafu. "Nilidhani unataka liwe limebadilika."

Alida hakuwa mwongo. Alimpenda mumewe, na upendo ulikuwa umeingia vidoleni mwake.

Koot alipofika na kuelezwa, hakutania mara moja. "Oom, teremsha kalibu hadi chini, kama sisi wengine."

"Maganda haya ni ya zamani. Nikiyarudisha mabega nisijue nimeyarudisha kiasi gani, yatavutika yakifyatuliwa, yatakatika karibu na kitako. Moto utarudi usoni kwa Alida, si kwako."

"Basi nitapiga risasi za dukani," Alida alisema. "Hazitaniuma."

Gideon alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mkewe ataanza kula kwa jirani.

Baada ya siku chache Koot alimletea Gideon alichoagiza: kalibu ya mwili mzima ya milimita saba, na mfuko wa maganda mapya, ambayo yangehimili kubanwa hadi mwisho. Gideon aliyakusanya maganda ya zamani kwa kiganja cha kushoto, akayamwaga kwenye pipa la vyuma chakavu. Hakuyatazama yakianguka. Kisha akaisoma karatasi iliyokuja na kalibu, neno kwa neno, kama anayeanza kazi hiyo leo. Akaiteremsha kalibu hadi ikagusa kitako cha mashine. Akakaza. Akabana maganda yote moja baada ya jingine, bila kujaribu hata moja kwenye bunduki.

"Ni hivyo tu?" Alida aliuliza.

"Ni hivyo tu. Hata Koot anaweza."

"Nimesikia, Oom," Koot alisema nyuma yake.

"Ndiyo maana nimesema kwa sauti."

Koot alicheka peke yake, akaacha. Maganda yalikuwa yameloa grisi ya kulainishia. Alida akanyoosha mkono kuchukua kitambaa. Gideon akakivuta upande wake. Akabana ganda katikati ya vidole vya kulia visivyosikia, kama koleo, akavitazama ili asiliangushe, akafuta kwa mkono wa kushoto: kitako, kiuno, bega, shingo. Moja lilimponyoka, likabingirika chini ya meza. Aliinama mwenyewe kulifuata. Alida alisimama mlangoni na mikono yake mitupu. Gideon akalifuta la mwisho, akalisimamisha pamoja na mengine, akakikunja kitambaa.